Niliwatuma wanafunzi kusaka misimbo ya QR, wakanirudia na deni la mwenzangu

Ijumaa moja ya Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipuliza filimbi nikawaachia wanafunzi 58 wa kidato cha pili uwanjani, wakasake maswali ya jiografia niliyoyaficha ndani ya misimbo ya QR, zile picha za visanduku vyeusi na vyeupe zinazosomwa kwa kamera ya simu. Walitoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda. Nikasogea kivulini chini ya mwembe na daftari langu la alama, nikajiona mwalimu wa kisasa kuliko wote wilaya nzima ya Korogwe.

Dakika tatu hazijaisha, kundi la kwanza likarudi.

"Madam, inasema tulipie kwanza."

"Mlipie nini?"

Wakanionyesha simu. Palipotakiwa kuwa na swali langu la Mto Pangani palikuwa na tangazo la Kiingereza: muda wa majaribio umekwisha, chagua kifurushi, weka namba ya kadi. Kundi la pili likaja na habari hiyohiyo, kisha la tatu, mpaka yote saba yakawa yamenizunguka yakinitazama usoni. Tulirudi darasani tukasoma kitabu mpaka kengele ikalia. Mmoja wa nyuma akasema, kwa sauti aliyojua nitaisikia, "Hazina imefungwa na mwenyewe." Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini siku ile chakula cha mchana hakikunipita kooni.

Nasimulia haya kwa sababu tangu hapo walimu watatu wameniomba niwaelekeze jinsi ya kuuendesha mchezo huu, na kila mmoja alitaka nimpe "zile karatasi" tu. Karatasi ni kazi ya jioni moja. Kilichonila wiki sita ni mambo mengine.

Wazo lenyewe lilizaliwa dukani. Mwanafunzi wangu mmoja humsaidia shangazi yake kuuza duka jioni, na siku moja nilipotaka kulipia sukari akanionyesha kile kibandiko cha malipo ukutani: "Skani hapo, Madam, ni haraka kuliko kuandika namba." Nikamtazama. Mtoto huyuhuyu, siku moja kabla, alishindwa kuniambia Mto Pangani unapata maji yake wapi, na mto wenyewe unapita karibu na kwao. Anaufuata kwa miguu kwenda kuvua. Maji yale yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaja kumlowesha suruali, halafu darasani mto umekuwa mstari wa bluu kwenye kitabu chenye kurasa zilizochanika. Nikasema likizo ya Juni nitatengeneza kitu cha kuwatoa darasani.

Likizo ikaja. Nikatafuta kwenye intaneti tovuti ya kutengenezea misimbo, nikakuta moja nzuri, bure, yenye rangi na fremu za kila namna. Nikatengeneza misimbo 12. Nikaijaribu yote sebuleni kwangu, ikafanya kazi yote. Nikaenda stashenari nikaichapisha kwa rangi, shilingi 500 karatasi, halafu nikaifunga kwa plastiki, shilingi 1,000 kila moja, ili mvua isiiharibu. Shilingi 18,000 zikaondoka. Shule zikafunguliwa Julai, na siku kumi na nne za bure za ile tovuti zilikuwa zimeshapita zamani.

Kosa lenyewe sikulielewa mpaka kijana wa stashenari aliponieleza, na aliyenitoza pesa mara ya kwanza ni yeye huyohuyo. Kuna misimbo ya aina mbili. Ya kwanza haina swali lako ndani yake. Ina anwani fupi tu inayokupeleka kwenye tovuti ya watu, na wao ndio wanaolishika swali. Siku wakitaka kulifungia wanalifungia. Ya pili imebeba maneno yako yenyewe ndani ya vile visanduku vyeusi na vyeupe, kama barua ndani ya bahasha. Hiyo haina mwisho wa muda, haitaki bando, haina wa kuidai. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi, nami natamani mtu angeniambia mwezi Juni: weka simu kwenye hali ya ndegeni, ile inayokata mtandao wote, kisha skani. Swali likitokea, msimbo ni wako. Lisipotokea, umepanga nyumba ya mtu. Na ujaribu asubuhi ya siku ya mchezo. Mimi nilijaribu siku niliyoitengeneza, nikadhani nimemaliza.

Kabla sijafika mara ya pili, niseme habari ya simu, kwa kuwa mwalimu wa shule ya serikali atakwama hapa kabla ya mahali pengine popote. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sheria hiyo sina ugomvi nayo. Kwa hiyo simu zilikuwa za walimu wenzangu. Mkuu wa shule nilimwandikia barua ya kuomba ruhusa, nikataja siku, saa, idadi ya simu na majina ya wenye simu. Alisoma, akavua miwani. "Madam, simu ikionekana mkononi mwa mwanafunzi, mzazi wa kwanza kulalamika hatakupigia wewe. Atanipigia mimi." Akaisaini hata hivyo, akaniagiza niwatangazie wanafunzi mstarini asubuhi kwamba ni zoezi la somo, ili wa madarasa mengine wasiseme kidato cha pili wameruhusiwa. Ile barua naitunza mpaka leo, na ilishaniokoa mara moja.

Nilipata simu saba, yangu ikiwemo. Mbili kati yake zilikuwa za zamani kidogo, kamera zake hazisomi msimbo zenyewe. Lazima upakue programu, na programu za bure zinarusha matangazo hata swali halionekani. Simu moja nilipoijaribu ilileta tangazo la kubashiri mpira. Hilo ningelifumba macho nyumbani, lakini si mbele ya watoto wa miaka kumi na tano. Ikabidi niombe simu nyingine mbili.

Mara ya pili ilikuwa Agosti, baada ya Nane Nane. Misimbo mipya, maneno yamo ndani yake, hakuna intaneti. Nilikuwa na uhakika. Hapo nikajifunza kwamba jua la Korogwe na plastiki inayong'aa havielewani. Ile misimbo ambayo niliifunga tena kwa plastiki, mkaidi mimi, ilipopigwa na jua la saa nne simu ziliona mng'ao mweupe tu. Watoto walijipanga kuikinga kwa masweta. Miwili niliyoibandika bila plastiki kwa kuishiwa pesa ndiyo iliyosomeka bila shida. Sasa nabandika karatasi kavu kwenye kipande cha boksi, naiweka upande wenye kivuli, naitoa jioni.

Halafu kulikuwa na mbuzi. Jirani yetu anafuga, na uzio wetu una jina la uzio tu. Karatasi ya kwenye goli la mpira ililiwa pembe ya chini kulia, na simu ikaisoma kama kawaida. Ya kwenye mti wa mkorosho ililiwa pembe ya juu, pale penye kile kisanduku kikubwa, ikafa palepale. Kijana wa stashenari, ambaye sasa alikuwa mwalimu wangu rasmi, akanieleza: vile visanduku vitatu vikubwa vya pembeni ndivyo vinavyoiambia kamera msimbo umekaa vipi, na bila hivyo haijui pa kuanzia. Sehemu zilizobaki zinaweza kuharibika kiasi, hata karibu asilimia 30 ukichagua kiwango cha juu cha ulinzi wakati wa kutengeneza, na bado ikasomeka. Vitu hivi vilibuniwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya vipuri vya magari kiwandani, na kiwandani kuna grisi na vumbi. Mbuzi hawakuhesabiwa.

Jambo jingine alilonifundisha: maneno yakizidi, vile visanduku vinakuwa vidogo na vingi, na simu ya kamera hafifu inashindwa. Swali langu la kwanza lilikuwa na aya nzima. Nilipolikata likawa mstari mmoja na kuuchapisha msimbo kwa upana wa kama sentimita kumi, hata simu mbovu kuliko zote ilisoma ukiwa umesimama hatua moja.

Lakini kilichoniumiza siku ya pili hakikuwa jua wala mbuzi. Simu moja ilikuwa ya mwalimu mwenzangu, dada mpole ambaye hakuniuliza hata mara mbili nilipomwomba. Kundi lake lilikuwa kwenye tangi la maji likisoma swali, ujumbe ukashuka juu ya kioo: umechelewa kulipa mkopo, lipa leo au tutawajulisha watu wako wa karibu. Wale watoto tisa wakawa ndio watu wa karibu. Kabla ya saa sita shule nzima ilikuwa inajua. Nilipomrudishia simu alishajua. Mwanafunzi mmoja mwenye huruma alikuwa amemwendea kumpa pole. Aliichukua, akaitia mkobani, akasema, "Haya, mwenzangu. Angalau wamejifunza." Sikuwa na neno. Nilikwenda kwake jioni kuomba radhi, tukanywa chai, na hatukuligusa tena, lakini mimi bado linanichoma.

Nyie mtakaojaribu: simu ya mtu ni chumba chake cha kulala. Kabla hujaikabidhi, hali ya ndegeni iwashwe na mwenyewe, mbele yako. Na simu moja ilianguka siku hiyohiyo, ya mwalimu wa hesabu, kwenye kokoto za jikoni. Kioo shilingi 45,000 kwa fundi, zilitoka mfukoni mwangu. Ukijumlisha uchapaji wa mara mbili, plastiki, tepu na pipi za washindi, mchezo ambao nilidhani ni wa bure ulinigharimu zaidi ya shilingi 80,000 kabla mtoto hata mmoja hajajibu swali la maana.

Siku ile, hata hivyo, ndiyo nilipoona dalili ya kwanza kwamba kuna kitu ndani yake.

Kituo cha nne kilikuwa chini ya mwembe. Swali: elekea mashariki, piga hatua kumi kwa kila nchi inayopakana na Tanzania, utakuta bahasha. Nchi ni nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Makundi matano kati ya saba yalihesabu saba. Yalipiga hatua 70 yakafika penye kuni za mpishi, yakafukua kuni. Waliyoisahau wote ni Kongo, na nilipowauliza kwa nini, msichana mmoja akasema, "Lakini Madam, hakuna sehemu tunayogusana nayo. Pale kuna maji." Ni kweli, mpaka wetu na Kongo wote uko ndani ya Ziwa Tanganyika. Miaka mitatu nimefundisha orodha ya nchi jirani kama wimbo, hakuna aliyewahi kuniuliza mpaka ulio majini ni mpaka wa namna gani. Tulikaa chini tukabishana nusu saa. Nikawaambia ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, ndiyo maana hakuna aliyesimika nguzo pale, wakacheka.

Kundi moja lilihesabu nane sawasawa na bado likaikosa bahasha. Aliyepiga hatua alikuwa mvulana mrefu kuliko mimi, na hatua zake 80 zilimpeleka mpaka mlangoni pa choo cha walimu. Mimi nilipima kwa miguu yangu. Lilikuwa kosa langu, ila wiki iliyofuata nililigeuza kipindi: kila mmoja apime urefu wa hatua yake kwa kutembea mita 20, kisha achore ramani ya uwanja kwa kipimo anachokijua. Somo la skeli, ambalo kila mwaka naliona linawapita juu ya vichwa, lilikaa kwa sababu ya mvulana mmoja kufikishwa chooni.

Nikaanza kuyapitia maswali yangu upya. Yale 12 ya mwanzo, tisa yalikuwa ya kukumbuka tu: Kilimanjaro una mita ngapi, mji mkuu wa Zambia ni upi. Yangeweza kuulizwa mtoto akiwa kitandani. Nilikuwa nimewatembeza uwanja mzima kwa jibu ambalo uwanja haukuhusika nalo. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa bado ananidai kioo wakati huo, aliniuliza bila kunificha: "Sasa Madam, si ungeandika maswali kwenye karatasi ya kawaida?" Nilikasirika. Usiku nikakubali kwamba kwa maswali yale alikuwa sahihi.

Msimbo una faida moja ya kweli niliyoiona: unaficha swali. Karatasi ya kawaida mtoto anaisoma akiwa mbali, anapita nayo, anamwambia mwenzake. Msimbo lazima uufikie, usimame, mkusanyike, na ule mshangao wa swali kutokea huwafanya wote wasome. Zaidi ya hapo ni karatasi. Kwa hiyo mara ya tatu nilibakiza misimbo minne, na vituo vitatu vikawa vya bahasha na macho.

Nikabadilisha pia utaratibu wa simu. Simu hazitembei tena. Inakaa kituoni na mtu mzima au kiranja, makundi ndiyo yanayoifuata. Mlinzi wetu, mzee wa makamo, alikubali kusimamia mwembe kwa simu yake mwenyewe. Kila kundi lilianzia kituo tofauti likazunguka, maana mara ya pili makundi yote yaliyamalizia maswali pamoja: mmoja anajibu, sita wananakili.

Na lugha. Kuanzia kidato cha kwanza jiografia yetu ni kwa Kiingereza, na mtihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo maswali niliyaandika hivyo. Lakini nilipokuwa nawasikiliza niliona wanatumia dakika tano kulielewa swali na dakika moja kulijibu. Nikafupisha sentensi mpaka maneno kumi, nikawaruhusu wabishane kwa Kiswahili, waandike jibu kwa Kiingereza mwishoni. Kelele ziliongezeka na majibu yakaongezeka. Mkaguzi akija sijui atasema nini.

Mwishoni mwa Agosti tulianza saa tano na nusu, kwa makusudi. Kwenye uwanja wa bendera nilisimika fimbo ya mita 1, na kila kundi likifika linapima kivuli na kuandika saa. Kituo kingine kilikuwa nyuma ya madarasa, pale unapoiona milima ya Usambara: kwa nini kijiji cha Amani, juu milimani, kinanyeshewa sana na Mombo, chini ya milima, kukavu? Nilitegemea wataniandikia ile sentensi ya kitabuni kuhusu upande unaopokea upepo wa baharini na upande wa nyuma ya mlima. Wengi waliandika hivyo. Mvulana anayetoka Mombo aliwaambia wenzake, "Mawingu yanatua mizigo yote Amani. Kwetu yanapita mikono mitupu." Nimeifundisha mvua ya milima kwa miaka mitatu, na sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Tuliporudi darasani tuliandika vipimo vyote vya kivuli ubaoni. Saa sita kamili kivuli kilikuwa kama sentimita 30. Wote walitegemea hicho ndicho kifupi kuliko vyote. Lakini kundi lililofika saa sita na dakika 25 liliandika 27, na kundi la baada yake 28. Wakaanza kushutumiana kwamba wamepima vibaya. Niliwaacha washutumiane. Kisha nikawauliza saa yetu inafuata mstari upi wa longitudo. Nyuzi 45 mashariki. Na Korogwe iko wapi kwenye ramani? Wakatafuta: karibu nyuzi 38 na nusu. Tofauti ni nyuzi sita na nusu, na kila nyuzi ni dakika nne. Darasa likanyamaza, peni zikaanza kwenda. Dakika 26. Aliyemaliza kwanza hakuwa mmoja wa wale wanaoshika namba za juu. Alikuwa yule yule wa dukani. Alisimama akasema, "Kwa hiyo Madam, adhuhuri yetu huku inachelewa kuliko saa yetu?" Ndiyo, inachelewa. Fimbo ile haikuwa na msimbo wowote.

Sijasema kila kitu kilikwenda sawa. Kundi moja lilipotea dakika kumi na tano, tukalikuta jikoni likila viporo. Kipindi kilizidi muda na mwalimu wa kemia alinisubiri mlangoni amekunja mikono. Na maandalizi ya kituo kimoja kizuri yalinichukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo siwezi kufanya hivi kila mada. Nimeamua mara moja kwa muhula.

Jioni ile nilisahau kubandua karatasi ya mwembe. Jumatatu asubuhi nikamkuta mlinzi getini na simu yake mkononi. "Mwalimu, ile ya nchi jirani nimeifanya usiku, nilikuwa zamu. Jibu ni nane." Nikamwambia vizuri mzee, watoto wengi walisahau Kongo. Akashangaa. "Kuisahau vipi? Mimi nilifanya kazi za boti Kigoma. Siku ya anga safi milima yake unaiona ng'ambo ile." Akanyosha mkono kuelekea magharibi, kama vile tungeiona kutoka getini. Nimemwomba aje darasani Alhamisi.